Mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale: ni nani aliyaweka, na kwa nini?

Ukitoka Bangui na kufuata barabara inayoelekea Kameruni, baada ya zaidi ya kilometa 400 unafika Bouar, mji wa magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kandokando ya mji huo, na katika vijiji vya jirani, kuna mawe marefu ya granite yaliyosimama katikati ya majani. Hayakuporomoka kutoka mlimani. Yalisimamishwa na mikono ya watu, moja karibu na lingine, juu ya vilima vidogo vya udongo na mawe. Mengine yanampita mtu mzima kwa urefu. Wagbaya, wakaaji wa eneo hilo, wanayaita tazunu, maana yake mawe yaliyosimama.

Inchi hiyo ni jirani yetu. Mto Ubangi tu ndio unatutenganisha. Tena Bouar iko kwenye mgongo wa maji: mvua ikinyesha upande mmoja inaelekea kaskazini, hadi ziwa Chad, ikinyesha upande wa pili inashuka kusini na kuingia katika mto Kongo. Maji yanayopita karibu na mawe hayo mwishowe yanapita mbele ya Kinshasa. Hata hivyo, wengi wetu tumesoma shuleni juu ya piramidi za Misri na mawe ya Uingereza bila kusikia hata siku moja kwamba hapa karibu watu wa kale walifanya kazi ya namna hiyo.

Ni nani hao? Walitaka kusema nini? Maswali hayo si ya wataalamu peke yao. Kwetu mashariki mwa Kongo, ambako familia nyingi zimekimbia na kuacha nyuma makaburi ya wazazi, swali la alama ambayo watu wanaiacha juu ya udongo linamgusa kila mtu.

Tazunu za Bouar

Mtu aliyefanya tazunu zijulikane na ulimwengu ni Mfaransa Pierre Vidal, aliyezichimbua katika miaka ya 1960. Baada yake, katika miaka ya 1970, alikuja Nicholas David, mtaalamu mwingine wa mambo ya kale. Waliona kwamba mawe hayakusimamishwa ovyo. Yako juu ya tuta, na ndani ya tuta mnaweza kuwa na visanduku vilivyojengwa kwa mawe bapa. Mara nyingi tuta liko karibu na mahali kijito kinapoanzia. Jambo hilo lina maana yake, kwa sababu mtu anayetafuta mahali pa kukaa anatafuta maji kwanza.

Visanduku hivyo vinafanana na makaburi. Lakini mifupa iko wapi? Udongo wa inchi zenye joto na mvua nyingi unakula mifupa haraka, kwa hiyo kukosa mifupa si ushahidi kwamba hakuna aliyezikwa. Wala si ushahidi kwamba alizikwa mtu. Hapo ndipo fumbo linapoanza.

Umri nao ulileta mabishano. Wataalamu wanapima makaa ya moto wanayoyakuta chini ya tuta. Makaa mengine ya Bouar yalitoa umri wa zaidi ya miaka 7000, mengine miaka 2000 na kitu. Je, mawe yana umri gani basi? Fikiria mtu anayejenga nyumba leo mahali ambapo babu yake aliwasha moto zamani. Ukipima makaa ya babu, utapata umri wa moto, hautapata umri wa nyumba. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wanakubali kwamba tazunu nyingi zilijengwa baadaye, katika miaka elfu moja ya mwisho kabla ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Tangu mwaka 2006 mawe ya Bouar yamo kwenye orodha ya mahali ambapo serikali ya Bangui inapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia. Lakini vita vilivyoirudia inchi hiyo mara kwa mara havikuacha nafasi kubwa ya utafiti.

Salongo ya watu wa kale

Kabla ya kuuliza maana ya mawe, tuulize kwanza namna yalivyosimamishwa. Wengi wanaposikia jiwe la tani kadhaa wanawaza uchawi, majitu au watu waliotoka angani. Kuna hata Wazungu wa zamani waliokataa kabisa kwamba Waafrika waliweza kazi kama hiyo, wakatafuta wageni wa kupewa sifa hiyo.

Ukweli ni wa kawaida zaidi, na ni mzuri zaidi. Jiwe kubwa linaweza kung'olewa kwenye mwamba kwa kufuata nyufa zake, kwa kutumia vigingi na moto. Linalazwa juu ya magogo, linafungwa kamba, linavutwa. Mahali pa kulisimamisha panachimbwa shimo lenye upande mmoja wa mteremko. Mguu wa jiwe unateleza mpaka ndani ya shimo, watu wanalivuta kwa kamba huku wengine wakilisukuma kwa miti mirefu na kuweka mawe madogo chini yake kidogo kidogo. Likisimama wima, shimo linajazwa kokoto na udongo, na kushindiliwa.

Hakuna uchawi hapo. Kinachotakiwa ni watu wengi, mpango, na mtu wa kusema "vuta" ili wote wavute pamoja. Inatakiwa pia chakula cha kuwalisha watu hao siku zote za kazi. Sisi tunajua jambo hilo kwa jina la salongo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila jiwe lililosimama ni ushahidi kwamba siku moja watu walikubaliana. Hatujui lugha yao wala majina yao, lakini jambo hilo moja tunalijua kwa hakika.

Turkana: nyota au wafu?

Twende sasa kaskazini mwa Kenya, karibu na ziwa Turkana. Huko Kalokol, upande wa magharibi wa ziwa, kuna nguzo 19 za basalti, jiwe jeusi la volkano kama lile ambalo watu wa Goma wanalikanyaga kila siku. Mahali hapo panaitwa Namoratunga. Waturkana wanasimulia kwamba zamani mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa kuwa mawe. Mpaka leo wapita njia wanaweka vijiwe vidogo juu ya nguzo hizo.

Mwaka 1978, watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba wamelifumbua fumbo. Walisema nguzo zinaelekea mahali ambapo nyota fulani zilikuwa zikichomoza miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Nyota hizo, zikiwemo Kilimia, ndizo ambazo Waborana wa Ethiopia na Kenya wanazitumia kuhesabu siku za mwaka wao. Habari hiyo ilisambaa duniani kote: Waafrika wa kale walikuwa na kalenda ya mawe!

Baada ya miaka michache, mtaalamu mwingine, Robert Soper, alirudi kupima upya. Akaona tatizo. Basalti ina nguvu ya sumaku, na sumaku inapotosha dira. Vipimo vya kwanza havikuwa sahihi. Nadharia ya nyota ikapoteza nguvu, ijapokuwa mpaka leo wengi wanaisimulia kana kwamba imethibitishwa.

Kilichokuja baadaye kinagusa moyo zaidi kuliko nyota. Kando ya ziwa hilo kuna sehemu kadhaa zenye nguzo za namna hiyo, na moja inaitwa Lothagam Kaskazini. Mwaka 2018, timu ya watafiti iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilitangaza walichokikuta chini ya mawe ya hapo. Ni makaburi. Watu wa kale walitengeneza jukwaa la mawe lenye upana wa metro 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, na kwa muda wa mamia ya miaka wakazika humo watu wasiopungua 580. Kazi hiyo ilifanyika kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe, kisha wakaleta nguzo na kuzisimamisha. Maana yake nguzo za namna hiyo ni za kale sana kuliko ile kalenda iliyodhaniwa.

Waliozikwa ni akina nani? Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Hakuna kaburi la mfalme. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi. Mmoja alivaa kichwani pambo lililotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani zaidi ya 100. Hakuna aliyeonekana kuwa mkubwa kuliko wenzake. Tumezoea kufikiri kwamba kazi kubwa inatakiwa kuwa na mtawala mkubwa wa kuwalazimisha watu. Lothagam inasema hapana.

Na kwa nini walifanya hivyo wakati ule? Wakati ule mvua za Afrika zilikuwa zinapungua, Sahara ilikuwa inakauka, na maji ya ziwa Turkana yalikuwa yanashuka sana. Watu waliokuwa wakiishi kwa samaki waliona ziwa likirudi nyuma. Wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa wanaingia. Kila kitu kilikuwa kinahama. Watafiti wanafikiri kwamba katika misukosuko hiyo, watu waliotawanyika kutafuta malisho walihitaji mahali pamoja pa kurudi, pa kukutana, pa kulilia wafu wao. Nguzo zilikuwa zinaonekana toka mbali. Mchungaji aliyekuwa mbali na mifugo yake aliweza kuzitazama na kujua: pale ndipo wa kwetu walipo.

Mtu aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Magharibi: duara za Gambia na Senegal

Tukienda upande mwingine wa bara, kandokando ya mto Gambia, tunakuta mawe mengi kuliko popote pengine. Kuna makaburi na duara za mawe zaidi ya 1000 katika eneo lenye urefu wa kilometa 350 na upana wa kilometa 100. Mwaka 2006 UNESCO iliandikisha makundi manne kuwa urithi wa dunia: Sine Ngayène na Wanar nchini Senegal, Wassu na Kerbatch nchini Gambia. Kwa kawaida kila duara ina nguzo 8 hadi 14, zenye urefu wa metro 2 hivi, na kila moja ina uzito unaokaribia tani 7.

Nguzo hizo zilichongwa kwenye jiwe jekundu la laterite, lile la barabara zetu za udongo mwekundu likishakuwa gumu. Zilichongwa kwa vyombo vya chuma, na zinalingana kiasi kwamba kunaonekana mkono wa mafundi waliofunzwa kazi. Desturi hiyo ilianza katika karne ya 3 kabla ya Kristo na kuendelea mpaka karne ya 16. Hapa jibu la swali la kwanza liko wazi: ni mahali pa kuzikia. Lakini duara moja lilikuwa la ukoo mmoja? La wakubwa? Waliozikwa pamoja walikufa siku moja au waliletwa kidogo kidogo? Hayo bado yanachimbuliwa.

Wakaaji hawakungoja majibu. Huko Wassu watu wanaweka vijiwe juu ya nguzo na kuomba haja zao, sawasawa na kule Turkana, ingawa kati ya sehemu hizo mbili kuna bara zima.

Aksum: jiwe lililoibwa na kurudishwa

Mawe yenye jina kubwa kuliko yote barani yako Aksum, katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Hapa fumbo ni dogo, kwa sababu Aksum ulikuwa ufalme wenye maandishi na sarafu zake. Nguzo zake zilikuwa alama za makaburi ya wakubwa, na mafundi walizichonga zifanane na majumba ya ghorofa, zenye milango na madirisha ya uongo. Kubwa kuliko zote ina urefu wa metro 33 na uzito wa tani zaidi ya 500. Imelala chini, imevunjika, na wengi wanaamini kwamba ilianguka wakati ikisimamishwa. Katika karne ya 4 mfalme Ezana alipokea Ukristo, na baada ya hapo kazi ya kusimamisha nguzo kubwa ikafika mwisho. Imani ilibadilika, na namna ya kuheshimu wafu ikabadilika nayo.

Lakini kisa cha Aksum kilichobaki midomoni mwa watu ni cha karne iliyopita. Waitalia wa Mussolini walivamia Ethiopia mwaka 1935. Mwaka 1937 walichukua nguzo ya metro 24, iliyokuwa imeanguka na kuvunjika vipande, wakaipeleka Roma kwa meli na kuisimamisha mbele ya wizara iliyoshughulikia makoloni. Katika mkataba wa amani wa mwaka 1947, Italia ilikubali kurudisha mali iliyoichukua Ethiopia. Miaka ikapita. Kumi, ishirini, hamsini. Waethiopia hawakuacha kudai. Mwaka 2002 radi iliipiga nguzo hiyo hapo Roma. Mwaka 2005 ndipo iliporudi nyumbani kwa ndege kubwa, vipande vitatu kwa safari tatu, na mwaka 2008 ikasimama tena mahali pake.

Safari hiyo ilichukua karibu miaka 70. Wale waliosema jiwe ni jiwe tu walikosea. Mussolini hakubeba jiwe zito namna ile kwa sababu Roma ilikosa mawe. Alijua kwamba ukimnyang'anya mtu alama ya babu zake, unamnyang'anya haki ya kusema "hapa ni petu".

Kisha, mnamo Novemba 2020, vita vya Tigray vikaufikia mji huo huo, na mashirika ya haki za binadamu yakaeleza namna raia wengi walivyouawa humo. Mawe yalibaki yamesimama. Watu ndio walioanguka. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila mara tunapozungumza juu ya kulinda urithi: urithi bila watu wa kuurithi hauna maana.

Hata Ulaya fumbo halijaisha

Msomaji asifikiri kwamba mafumbo ni ya Afrika tu. Stonehenge, kusini mwa Uingereza, ilipata mawe yake makubwa miaka 4500 hivi iliyopita, na inajulikana kwamba yalipangwa kufuata jua la siku ndefu kuliko zote na la siku fupi kuliko zote za mwaka. Imechunguzwa kwa mamia ya miaka. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2024 wataalamu walitangaza kwamba jiwe moja la katikati, lenye tani 6, halikutoka Wales kama ilivyodhaniwa bali kaskazini mwa Scotland, umbali wa kilometa zaidi ya 700. Namna lilivyosafirishwa bado wanabishana. Kutojua si aibu ya Afrika.

Na sisi je?

Mashariki mwa Kongo hatuna duara za mawe zenye sifa kama hizo. Lakini babu zetu hawakuwazika wafu bila alama. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika jimbo la Haut-Lomami, uchimbuzi ulioanza mwaka 1957 ulifunua makaburi ya miaka zaidi ya 1000 yenye vyungu vizuri, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma. Watoto walizikwa na vyungu vidogo vinavyolingana na umri wao. Mama aliyefinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mtoto aliyekufa alikuwa anasema jambo lile lile ambalo wengine walilisema kwa nguzo: huyu alikuwa wetu.

Hapa Kivu Kaskazini, pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa mpango. Una umri unaokadiriwa kuwa miaka elfu 20 hivi. Wengine wanasema ulitumika kuhesabu, wengine wanasema ulifuata siku za mwezi. Ni mabishano kama yale ya nyota za Turkana. Mfupa huo uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la sayansi za viumbe. Mtoto wa Kyavinyonge, anayeishi hapo karibu, akitaka kuuona kwa macho yake, atahitaji pasipoti na viza.

Katika vijiji vyetu alama zipo pia, hata kama si mawe makubwa. Ni mti uliopandwa na babu kwenye uwanja wa zamani, ni rundo la mawe juu ya kaburi, ni kichaka ambacho wazee walikataza kukikata. Familia nyingi zinapogombana juu ya shamba, mti au kaburi ndilo shahidi wa kwanza anayeitwa. Lakini shahidi huyo hawezi kusema peke yake. Lazima kuwe na mtu anayejua jina la aliyelala pale. Vita vinapowatawanya watu, mti unaweza kubaki na jina likapotea.

Hicho ndicho kilichotokea Bouar. Mawe yapo, sauti haipo. Hakuna aliyeyaiba mawe; simulizi ndiyo iliyokatika, labda kwa njaa, labda kwa vita, labda kwa safari ndefu ambayo mwisho wake watoto hawakuuliza tena. Sasa tunatuma wataalamu na vipimo vyao kutafuta neno moja ambalo siku moja bibi yeyote wa kijiji angeweza kulisema.

Kwa hiyo unaposoma haya, kama kwenu bado kuna mzee anayekumbuka ni nani alipanda mti ule, au ni nani amezikwa chini ya mawe yale yaliyo juu ya kilima, usingoje. Muulize leo. Andika jina, andika mahali, hata kwenye daftari la mtoto la shule. Na ukichimba msingi wa nyumba au shimo la mchanga ukakuta chungu cha zamani au mawe yaliyopangwa, usivunje kutafuta dhahabu. Acha kama ilivyo, mwite chifu au mwalimu aone kwanza. Jiwe linaweza kungoja miaka 5000. Mzee hawezi.